Siku Sadallah Alipomsifu Mamdogo Pili

Benki ya mjini walivikataa vidole vya mamdogo Pili. Yeye mwenyewe walimpokea vizuri, wakampa na kiti. Tatizo lilikuwa vidole. Alikiweka kimoja kwenye kile kimashine cha kusoma alama, taa ikawaka nyekundu. Akaweka cha pili, nyekundu. Akavifuta vyote kwenye kanga, akavipuliza, akaanza upya. Dada wa dirishani akamwambia kwa upole, "Samahani mama, mashine inasema hakuna mtu."

"Iambie nipo," alisema mamdogo.

Ndiyo kazi ya korosho ilivyo. Ukibangua kwa mkono miaka na miaka, mafuta ya ganda yanaila ngozi mpaka vidole vinakuwa laini kama mgongo wa kijiko. Wanawake wote wa kikundi chetu cha Chilangala, huku Newala, tukikusanya vidole vyetu, hatupati alama ya kusajili laini moja ya simu. Na bila alama hakuna akaunti, bila akaunti hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna mashine ya kubangulia.

Mashine hiyo ndiyo ilikuwa kilio chetu. Sisi tukigonga kwa mkono, korosho nyingi zinavunjika, na kipande hakina bei ya nzima. Tulishakubaliana kwamba tukifika msimu mwingine bila mashine, kila mmoja achukue gunia lake akauze korosho ghafi kwa walanguzi, na kikundi kife. Mamdogo ndiye aliyekianzisha. Siku tuliyokubaliana hivyo hakula.

Halafu tukasikia habari za Mama Isaka.

Jina lake Ethel, lakini wengi wanamwita kwa mwanawe wa kwanza, Isaka. Ni Mmakua wa Lisekese, mtoto wa mwalimu wa kanisa. Alikuwa mkubwa wa mikopo katika benki moja huko Dar es Salaam, ana ofisi yenye zulia, kisha akaacha kazi, akarudi Masasi kufungua mfuko wa kuwakopesha watu ambao benki hazina habari nao. Hataki hati ya nyumba wala alama ya kidole. Anataka watu.

"Niletee watu wawili wanaokujua," alimwambia mamdogo kwenye simu. "Mmoja ndugu, mmoja asiye ndugu. Watasema mbele yangu, na wewe utakaa ndani, wasije wakakuonea haya. Tutarekodi sauti zao, tutazituma kwa kamati Dar es Salaam. Kamati ikiridhika, mashine inakuja."

Ndugu hakuwa shida, nilikuwepo mimi. Huyo mwingine nilidhani mamdogo atamtafuta mwenyekiti wa kijiji, au mwalimu. Lakini yeye aliwaza anavyowaza kila mtu wa huku. Nani anakujua zaidi ya wote na si ndugu yako? Mtani wako. Akaenda kumwita Sadallah.

Sadallah ni Myao, sisi Wamakonde; kazi yake fundi cherehani. Amemtania mamdogo tangu wote hawajaota meno ya pili. Siku ya harusi ya mamdogo alilala mlangoni akadai bibi harusi ni wake, alishamnunua kwa jogoo, na asingeondoka mpaka apewe jogoo wake. Alipewa. Nilipomwuliza mamdogo kama ana hakika na shahidi huyo, alinishangaa. "Sadallah? Huyo anajua hata ndoto zangu."

Mama Isaka alifika mchana na gari jeupe. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kilemba cha kitenge, viatu vya chini vilivyokwisha jaa mchanga wetu. Alikuja na dereva, na kijana wa ofisini, Bernard, mtu wa kanda ya ziwa, shati limenyooka kama karatasi. Tukawaweka barazani. Mamdogo akaingia ndani kama alivyoagizwa, akachukua ungo achekeche unga, maana hawezi kukaa bure. Dirisha aliliacha wazi kidogo.

Nilianza mimi. Nilikuwa na maneno mengi tangu jana yake. Bernard aliponisogezea simu mdomoni nikasema, "Mamdogo anaamka mapema." Yaliyobaki yote yakapotea. Nikarudia kwamba anaamka mapema sana. Mama Isaka akasema, "Asante, Yasmini, tumekuelewa," nikaenda kukaa.

Akaja Sadallah, kofia ya kiua kichwani, futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo mzee," alisema Bernard.

"Marahaba."

"Unamfahamu mwombaji, Bi Pili?"

"Kama ninavyomfahamu kunguni wa kitanda changu."

Wanawake wa kikundi, waliokaa kwenye jamvi, wakaanza kutikisika mabega. Bernard akaendelea. "Ni mtu mwaminifu?"

"Pili? Huyo aliiba fisi."

"Aliiba nini?"

"Fisi. Fisi alikuja kumwibia mbuzi. Kulipokucha mbuzi yupo, fisi hayupo. Na Idi ile tulikula nyama nyingi ajabu. Mimi sisemi kitu."

Kutoka ndani tulisikia mamdogo akipiga ukuta kwa kicheko.

"Sasa mzee," Bernard alishaanza kutokwa na jasho, "akipewa mashine, ataitunza?"

"Wiki ya kwanza ataitunza. Wiki ya pili ataipika."

"Ataipika?"

"Kwa nazi."

Jamvi zima likaanguka kwa kicheko. Mama Isaka alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio, machozi yanamtoka, lakini nilimwona akinyoosha mkono na kumwashiria Bernard asimamishe simu. Alipopata pumzi akasema, "Mzee Sadallah, mimi mwenyewe Mmakua. Nimeletwa duniani nikitukanwa na Wamakonde, na nyumbani ningekujibu. Lakini sauti hii inakwenda kusikilizwa na watu watatu ambao Newala hawajafika hata kwa kuota. Hawakujui wewe wala Pili. Wakisikia fisi, na mashine imepikwa nazi, basi hakuna mashine. Na mimi nitakuwa nimejitukanisha, maana nilishawaambia watu wanatosha kuwa dhamana."

Kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo unataka nimsifu?" aliuliza Sadallah.

"Nataka useme kweli."

"Hadharani?"

"Hadharani, baba."

Sadallah alitutazama sisi, akalitazama dirisha. Mtani anakutukana tangu unatambaa mpaka unazeeka. Hata msibani kwako anakuja kukuigiza ulivyokuwa ukitembea, wafiwa wacheke. Kuna wakati mmoja tu anapokusema vizuri. Ni pale makaburini, udongo ukishasawazishwa, anapovua kofia na kueleza alivyokujua. Akikusifu kabla ya hapo, watu wanajiuliza ameona nini.

Akasogea dirishani. "Pili!"

"Nini, kibwengo?"

"Wanataka nikusifu."

Ungo ulinyamaza. "Mungu wangu. Hakuna njia nyingine?"

"Wanasema hakuna."

"Basi nisifu haraka haraka, nikiwa nimekaa."

Bernard akawasha simu. Sadallah akavua kofia, akaikunja, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Hotuba ile aliijua kwa namna moja tu, ya makaburini, na ndivyo ilivyotoka.

"Pili alikuwa mtu," alianza. "Mke wangu alipolala miezi ile, hatukuwa na wa kututekea maji, na mnajua maji ya hapa yalivyo, unashuka bondeni na ndoo tupu unapanda na roho mkononi. Kila nikifungua mlango nilikuta ndoo imejaa. Sikumwona mtu. Nikadhani ni malaika. Kumbe malaika alikuwa na kanga iliyochanika, niliitambua, nilishaishona mimi mwenyewe mara mbili." Akaibana kofia zaidi. "Hakusema mpaka leo. Na mimi sikumshukuru, nilimwambia ana miguu kama mwiko. Pili, kama nilikukosea..."

Hapo akalia kweli. Wanawake jamvini wakajifuta macho. Mimi pia.

Nyuma ya ua wetu kuna njia ya miguu, na katika njia hiyo alikuwa anapita Mama Faruku, jirani yetu, na beseni la mihogo kichwani. Akaona gari geni mlangoni. Akaona wageni wameinamisha vichwa. Akamwona Sadallah kichwa wazi, analia, anamsifu mamdogo, na mamdogo mwenyewe haonekani.

Beseni likaanguka.

"Mama Khalidi weee!" alipiga ukunga, maana Khalidi ndiye mtoto wa mamdogo, yuko Mtwara kwa kazi. "Mama Khalidi ametuacha!"

Niliinuka nimwahi, lakini Mama Faruku si mtu wa kumwahi. Alishakata kona kwa jirani yetu Silvano, na kilio kinakwenda mbele yake.

Huku kwetu mtu haji msibani mikono mitupu, anakuja na ndoo ya maji, maana maiti huoshwa na wageni hunywa. Kabla sijamaliza kuokota mihogo ya watu, uani kulikuwa na ndoo nyingi kuliko kisimani. Walikuja na unga, walikuja na maharage. Dastani wa bodaboda alikuja na turubai. Silvano alikuja na jembe begani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yasmini, wamesema achimbiwe wapi?"

Nikamwambia mamdogo hajafa. Akanishika kichwa. "Pole, mwanangu. Kila mtu huanza hivyo."

Nikakimbilia ndani. Mamdogo alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, unga umemjaa mikononi na usoni, anachungulia.

"Mamdogo, toka uwaambie!"

"Nyamaza kwanza. Mama Faruku anasema nini?"

"Anasema nani atamkopesha chumvi sasa."

"Anasema kweli, anakopa sana. Na yule aliyeegemea nguzo ya turubai halii. Mtazame. Sukari yangu aliila, halii!"

"Mamdogo, watachimba!"

"Udongo ni mgumu, wana kazi. Subiri."

Barazani Bernard alikuwa amesimama, simu bado inarekodi. "Madam, nizime?" aliuliza.

"Thubutu," alisema Mama Isaka, na macho yake hayakuondoka kwa watu.

Waombolezaji hawakuwa na habari na simu. Mmoja alisema mamdogo ndiye aliyemfundisha kukausha punje zisipate ukungu. Mwingine akasema alikuwa na mdomo mchafu, lakini ukiumwa ndiye wa kwanza kufika, hata kama anakuja akikutukana. Alfredi, mwenye duka Newala mjini, alikuwa Chilangala siku hiyo kununua mbaazi, naye akaja. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavuta pumzi.

"Mungu amrehemu," alisema, "japo zile korosho alizoniletea masika zilikuwa nzima juu, vipande chini."

"Shii!" watu walimkemea. "Marehemu hasemwi!"

"Mniache nimalize. Nikampigia, nikamtukana. Saa ileile alipanda bodaboda na mvua ile, akaja akanibadilishia mfuko mzima, akaondoka bila hata chai. Aliniambia walipakia usiku, hawakuona, na mikono ndiyo inayovunja. Sasa mimi nitanunua kwa nani? Wengine ukiwapigia wanazima simu!" Na Alfredi, mwanamume mwenye tumbo lake, akafunika uso kwa kofia akalia.

Mama Isaka akamsogelea. "Alibadilisha zote, kaka?"

"Zote, dada. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Jamaa," alisema Mama Isaka, akamvuta Bernard kwa mkono wa shati, simu ikae karibu.

Chini ya dirisha mamdogo alikuwa ameacha kuchungulia. Nilimwona ameziangalia kucha zake, nyeusi kwa mafuta ya korosho. "Sikujua Alfredi ana moyo," alisema. "Haya, natoka sasa."

Angetoka vizuri, kwa salamu na maelezo, watu wakacheka, ikaisha. Lakini ndipo alipotokea Mahmudu.

Mahmudu aliwahi kuwa mume wa mamdogo. Alimwacha akaenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani, akarudi na mke mwingine na bila mawe. Alipita katikati ya watu, akajitupa mchangani, akagaragara mpaka kwenye ngazi ya baraza.

"Mke wangu! Juzi tu tumekubaliana kurudiana! Juzi tu, jamani! Akaniambia, Mahmudu, mashine ikija, uisimamie wewe!"

"Nini?" ilisema nyumba.

Mlango ukagonga ukuta. Mamdogo akatoka, uso mweupe kwa unga, mikono myeupe mpaka viwikoni, ungo umeinuliwa juu kama anataka kumfunika nao nzi mkubwa.

"Nani alirudiana na wewe, Mahmudu? Lini? Kwa akili zipi?"

Sijawahi kuona uwanja ukitawanyika namna ile. Silvano aliruka ua na jembe lake begani. Mama Faruku aliingia chini ya turubai, turubai likaanza kutembea. Ndoo zilipinduka, na vijana waliokuwa wanakimbia walisimama kuziinua kwanza kisha wakaendelea kukimbia, maana hofu ni hofu na maji ni maji. Bernard alijifungia ndani ya gari, akamfungia nje dereva. Mama Isaka hakukimbia. Alikuwa amesimama juu ya kiti.

Sadallah peke yake hakubanduka. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Nilijua!" alipaza sauti. "Huyu hata kaburi limemtema! Angalieni miguu yake ileile, kama mwiko!"

"Nyamaza, kibwengo! Umeniua, na bado unasema?"

Kusikia matusi, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wakitukanana, basi kila kitu kiko sawa. Mama Faruku alichungulia kutoka kwenye turubai, akamgusa mamdogo mkono, akaona wa moto, akaanza kumgombeza kwa kuwapotezea watu muda.

Bernard alitoka garini akiwa ameshika simu kama imemwunguza. "Madam, hii hatuwezi kuituma. Kuna fisi. Kuna msiba. Mwombaji amekufa katikati ya maombi yake. Nikate nibakize yale ya huyu binti, kwamba anaamka mapema?"

"Usikate hata kikohozi," alisema Mama Isaka. "Tuma yote. Lile la fisi nitawaeleza mwenyewe."

Sauti ikatumwa, na yeye akaenda kusimama nyuma ya choo, maana ndipo mtandao wetu unaposhika. Tulimwona kilemba tu juu ya ukuta wa makuti, kinatikisika, kinasimama, kinatikisika tena.

Unga wa msiba haurudishwi nyumbani. Tukabandika sufuria, tukapika ugali na maharage, na waombolezaji wote wakabaki kula. Mamdogo alikoroga kidogo, akaniachia mwiko, akaenda kukaa kwenye gunia tupu la korosho. Nilimfuata. Watu wanamtania kutoka kila upande, "Marehemu, tuletee chumvi!", yeye hawajibu.

"Wakikataa, Yasmini," alisema, "nawarudishia wenzangu magunia leo hii hii. Sitawaweka watu msimu mwingine kwa maneno."

Nilimpangusa unga kwenye sikio.

Kilemba kikatoka nyuma ya choo. Watu waliacha kutafuna. Mama Isaka alikuja taratibu, akachukua kigoda, akaketi mbele ya mamdogo, magoti yao yakagusana.

"Mama Khalidi, mmoja wa kamati amecheka mpaka akapaliwa. Wa pili anauliza kama huyu fundi anaweza kukodishwa siku yake ikifika. Wa tatu ndiye mwenyekiti, na huyo huwa hacheki. Nilipomaliza kueleza akasema, wadhamini wote niliowahi kuwasikiliza walijua nawasikiliza. Hawa hawakujua."

"Ndiyo maana yake nini?" aliuliza mamdogo. Sauti ilikuwa ndogo.

"Maana yake mashine inatoka Masasi wiki ijayo. Tafuteni banda lisilovuja."

Vigelegele vilivyopigwa pale, wa kijiji cha jirani wangedhani tunaozesha. Wanawake wa kikundi walimwinua mamdogo na gunia lake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia na mwiko mkononi, na ugali ukaungua, hakuna aliyejali. Alfredi alikuwa tayari anaweka oda ya nzima tupu. Sadallah alipita kwa kila mtu akitangaza kwamba ile hotuba ya mwanzo imefutwa, asiwepo wa kuikumbuka.

"Ila kamati wana swali moja," alisema Mama Isaka, kelele zilipopungua. "Ni lazima nilijibu leo. Wanauliza yule bwana aliyesema ameachiwa mashine aisimamie, yeye ni nani katika kikundi?"

Wote tuligeuka. Mahmudu alikuwa kwenye sinia la pembeni, mchanga bado kichwani, tonge liko njiani.

Mamdogo alimtazama.

"Waambie," alisema, "marehemu ndiye huyo."

Mahmudu akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona hakuna wa kumtetea. Akalimeza tonge, akavuta sinia la maharage karibu zaidi.